Msuli wa moyo wa baba: umekufa au umelala?

"Shikamoo daktari. Naandika kutoka Nkuhungu, Dodoma. Baba yangu ana miaka 61, analima zabibu Hombolo. Wiki tano zilizopita alibanwa kifua jioni akiwa shambani. Alitibiwa vidonda vya tumbo siku mbili, hali ilipozidi ndipo tukaambiwa ni shambulio la moyo. Eko (ultrasaundi ya moyo) inasema ukuta wa mbele wa moyo hausogei na EF, kipimo cha nguvu ya moyo kusukuma damu, ni 30%. Picha ya mishipa ya moyo inaonyesha mmoja umeziba kabisa na miwili imebana. Daktari mmoja alisema msuli huenda umelala tu na unaweza kuamka, akataja kipimo cha kuangalia kama uko hai. Baba mdogo anasema kilichokufa kimekufa, tusidanganyike. Kaka anataka tuuze eka moja ya zabibu tumpeleke baba India kwa kipimo hicho. Kifua hakimbani tena ila anahema akipanda kutoka bwawani. Nimekutumia picha za karatasi zote. Tufanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa wiki tano hizo, na baba mfikishie pole zangu. Karatasi zako nimezisoma zote mara mbili, hata ile iliyopigwa picha ikiwa imekunjwa.

Nianze na linalokunyima usingizi. Msuli wa moyo usiosogea si lazima uwe umekufa. Daktari aliyekwambia hivyo hakukupa matumaini ya bure. Baba yako mdogo naye ana hoja, maana sehemu iliyokufa kweli hairudi. Tatizo ni kwamba kwenye moyo mmoja, hata kwenye ukuta mmoja, vilivyo hai na vilivyokufa hukaa pamoja, na inabidi kujua kipi kimezidi.

Hili baba atalielewa haraka kuliko wewe. Mwulize mzabibu unavyoonekana wiki moja baada ya kupogolewa. Vijiti vitupu, hakuna jani, mgeni akipita atasema shamba limekwisha. Mkulima hang'oi. Anakwangua gome kidogo kwa ukucha. Akikuta kijani chini yake anajua mti uko hai, akikuta kukavu mpaka ndani anaachana na tawi hilo. Vipimo nitakavyovieleza vyote ni namna ya kukwangua gome.

Sasa tuingie ndani. Mshipa wa moyo ukiziba kisha ukafunguka, iwe kwa dawa, kwa stenti (kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa ubaki wazi) au wenyewe, damu inarudi lakini msuli haurudi kazini papo hapo. Umepigwa na butwaa. Mwaka 1975 Heyndrickx na wenzake walilionyesha hili kwa mbwa: mshipa ulibanwa dakika 15 tu, ukaachiwa, na ukuta uliolishwa na mshipa huo ukabaki dhaifu kwa zaidi ya saa sita ingawa damu ilikuwa inapita. Mwaka 1982 Braunwald na Kloner wa Marekani wakaipa hali hiyo jina. Kwa binadamu aliyepata shambulio, butwaa huweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa.

Hapa ndipo nakuomba uangalie tarehe kwenye karatasi ya eko ya baba. Ilifanywa siku ya nne baada ya shambulio, na hakuna nyingine iliyofanywa tangu hapo. Hiyo EF ya 30% mnayoishikilia kama hukumu ni ya moyo uliokuwa bado katikati ya mshtuko. Maana yake, kwa lugha nyepesi, ni kwamba chumba kikubwa cha kushoto kikijaa damu mililita 100, kilikuwa kinasukuma nje 30. Moyo wenye afya husukuma 55 au zaidi. Leo inaweza kuwa 30 ileile, inaweza kuwa 40, inaweza pia kuwa imeshuka. Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyeangalia tena. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachokushauri ni eko nyingine, hapahapa Dodoma, kabla hamjaongea na dalali wa mashamba.

Kuna hali ya pili, na kwa baba naishuku zaidi. Damu inapofika kidogo kidogo kwa miezi mingi, msuli hupunguza kazi ili usife. Ni kama kaya inayopunguza milo mwaka wa njaa ili mtama uliobaki ghalani ufike masika: watu ni wembamba, hawana nguvu, lakini wako hai. Miaka ya 1980 daktari Shahbudin Rahimtoola ndiye aliyeieneza fikra hii kwamba msuli unaweza kulala ili kujiokoa. Ukitazamwa kwa hadubini, ndani ya seli zake nyuzi zinazokaza zimepungua na akiba ya sukari imejazana mahali pake. Msuli wa namna hii ukirudishiwa damu huamka, ila haukurupuki. Kwa kuwa unajenga upya nyuzi zake, huchukua miezi, wakati mwingine mwaka, na ukilala muda mrefu mno mwisho hugeuka kovu.

Kovu halina namna. Ni nyama ngumu isiyokaza, na hakuna dawa, stenti wala upasuaji unaolirudisha kuwa msuli.

Kwa baba naona mambo mawili yanayonipa moyo. Ripoti ya picha ya mishipa inasema kuna vijia vya pembeni vinavyotoka mshipa wa kulia kwenda upande ule ulioziba. Vijia hivyo havioti kwa siku moja. Ni dalili kwamba mshipa ulikuwa unabana kwa muda mrefu na eneo lile halikuachwa bila tone. Pili, eko inasema unene wa ukuta wa mbele ni milimita 8. Ukuta uliogeuka kovu tupu husinyaa, na ukishuka chini ya milimita 6 hivi sisi huanza kukata tamaa nao. Wa baba haujafika huko, ingawa nakuonya kwamba siku ya nne ni mapema, kovu jipya linakuwa bado halijasinyaa. Hiyo nayo ni sababu ya kurudia eko.

Umeuliza kipimo chenyewe kikoje. Kile ninachokifahamu kwa mikono yangu ni eko ya dobutamini. Mgonjwa analala ubavu wa kushoto, anafungwa waya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kifuani, anawekewa dripu ya dawa inayouchochea moyo. Tunaanza na kiasi kidogo, mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, tunatulia dakika chache, tunapanda hadi 10, kisha 20. Macho yako kwenye skrini.

Nakumbuka mzee mmoja aliyetoka upande wa Kongwa. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa unaruka vizuri, wa mbele umesimama kama ubao. Kwenye 5 hakuna kitu. Kwenye 10 nikaona ukingo wa ndani unaanza kunenepa kidogo kila pigo, kama mtu anayefumbua jicho moja. Nilimgeuzia skrini, nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza, "Huyo ndiye mimi?" Tulipopandisha dozi zaidi, ukuta uleule ukasimama tena. Huko kuamka kisha kuzima tena ndiyo dalili tunayoipenda kuliko zote: kuamka kunasema msuli uko hai, kuzima kunasema hai lakini una njaa ya damu. Usiposogea kabisa kwenye dozi zote, uwezekano wa kovu ni mkubwa. Kipimo hiki hakifanywi kiholela. Dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo, hivyo daktari lazima awepo chumbani na mashine ya kushtua moyo ikiwa tayari.

MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaona kovu lenyewe. Mgonjwa anachomwa dawa iitwayo gadolini, wanasubiri dakika kama kumi, kisha kovu linang'aa jeupe wakati msuli hai unabaki mweusi. Wanapima kovu limekula sehemu gani ya unene wa ukuta. Mwaka 2000 Raymond Kim na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 waliopimwa hivyo kabla ya kurudishiwa damu: vipande vya ukuta vilivyokuwa dhaifu lakini bila kovu, 78% viliamka, vile ambavyo kovu lilikuwa limekula zaidi ya robo tatu ya unene, vilikuwa 58, kikaamka kimoja. Katikati ya hapo, nusu kwa nusu, ndipo wagonjwa wengi wapo na ndipo hata kipimo kizuri hubaki na mashaka.

Vipo pia vipimo vya dawa zenye mionzi midogo, ikiwemo skani ya PET inayotazama kama msuli unakula sukari. Seli iliyokufa haili. Ni kipimo kizuri, ila mwenye kisukari huhitaji maandalizi ya ziada, na si cha kukimbilia katika hali ya baba.

Sasa nikwambie jambo ambalo kaka yako anapaswa kulisikia kabla ya kuuza kitu chochote, maana ndicho kiini cha jibu langu. Kwa miaka mingi sisi madaktari tuliamini hivi: pima uhai wa msuli, ukiwa hai fungua mishipa, ukiwa umekufa acha. Ilikuwa inaingia akilini. Ilipopimwa kwa tafiti kubwa, haikusimama vizuri kama tulivyodhani.

Utafiti uitwao STICH ulichukua wagonjwa 1,212 wenye EF ya 35% au chini na mishipa iliyobana. Nusu walipata dawa peke yake, nusu dawa pamoja na baipasi, yaani upasuaji wa kupandikiza mishipa ili damu ipite pembeni ya palipoziba. Matokeo ya takribani miaka 10, yaliyotolewa 2016, yalionyesha vifo 58.9% kwa waliopasuliwa na 66.1% kwa wa dawa peke yake. Kwa hiyo baipasi ina faida kwa watu kama baba, ingawa inahitaji miaka ili ionekane. Lakini wagonjwa 601 kati yao walikuwa wamepimwa uhai wa msuli, na kipimo hicho hakikuweza kututenganishia nani angenufaika na upasuaji na nani asingenufaika.

Mwaka 2022 ukaja utafiti wa Uingereza, REVIVED, wagonjwa 700, EF ya 35% au chini, wote wakiwa wameonyesha kwamba wana msuli ulio hai. Waliowekewa stenti pamoja na dawa, na waliopewa dawa bila stenti, walifanana kwa vifo na kwa kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi. Walipochambua zaidi, wingi wa msuli uliolala haukutabiri kitu. Kiasi cha kovu ndicho kilichotabiri.

Sikuambii haya ili nikuvunje moyo. Nakuambia kwa sababu katika makundi yote ya tafiti hizo kitu kimoja kilikuwepo: dawa, kwa dozi kamili, kila siku. Na hapo ndipo karatasi za baba zimenisikitisha.

Baba anatumia bisoprololi miligramu 1.25 na enalaprili miligramu 2.5 asubuhi na jioni. Hizo ni dozi za kuanzia. Ni sahihi kabisa kwa mgonjwa aliye wodini, presha ikiwa haijatulia. Lakini zilipaswa kupandishwa hatua kwa hatua, kila wiki mbili hivi, presha, figo na mapigo vikiruhusu. Bisoprololi huelekea miligramu 10, enalaprili 10 hadi 20 mara mbili kwa siku. Kwenye kadi ya kliniki ya wiki iliyopita naona mapigo 96 na presha 118 kwa 74. Huo ni moyo unaosema wazi kwamba bado una nafasi. Spironolaktoni, dawa nyingine ya moyo dhaifu, haimo kabisa kwenye orodha. Wala haimo dawa kama dapaglifozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari na ikaonekana kuwasaidia watu wenye moyo dhaifu hata wasio na kisukari. Usimpandishie wewe mwenyewe, tafadhali. Spironolaktoni pamoja na enalaprili zinaweza kupandisha potasiamu mpaka ikawa hatari, lazima damu ipimwe. Lakini nenda kliniki na swali hili limeandikwa kwenye karatasi: "Dozi za baba zinapanda lini, na kwa nini hana spironolaktoni?" Hakuna daktari mwema atakayekasirika kuulizwa hivyo.

Dawa hizi huupumzisha moyo na kuuzuia usiendelee kutanuka. Nimeona EF ikipanda kutoka 30 hadi 45 kwa dawa tu, bila mtu kugusa mshipa. Nimeona pia zisipande. Aspirini, klopidogreli na dawa ya lehemu nazo ziendelee vilevile.

Kuhusu safari. Baipasi inafanyika hapa nchini, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Vipimo vya mishipa vinafanyika hata Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa kwetu Dodoma. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mgonjwa mwenye moyo dhaifu hahitaji tena kukaa kwenye basi siku nzima. Ninachotaka mfanye, na kifanyike sasa bila kusubiri miezi mitatu ya dawa, ni kuomba CD ya picha ya mishipa, pamoja na barua ya rufaa, ili madaktari wa moyo na wa upasuaji waitazame pamoja. Mishipa mitatu iliyobana na EF ya chini ni hali inayostahili kujadiliwa kwa ajili ya baipasi. Wao wakisema MRI au eko ya dobutamini itawasaidia kuamua, kwa mfano kama figo au mapafu yanafanya upasuaji uwe wa hatari, basi kipimo kina kazi na kifanyike. Kipimo kinachofanywa kabla hakijulikani kitaamua nini ni pesa iliyotupwa.

Kwa hiyo eka ya zabibu msiiuze sasa. Ikija kuhitajika kwa ajili ya upasuaji ulioamuliwa, hapo mtakaa kikao cha familia mkiwa mnajua mnanunua nini. Na baba awepo kwenye kikao hicho. Shamba ni lake na moyo ni wake.

Eko ya sasa itazame jambo moja zaidi: kama kuna donge la damu kwenye ncha ya moyo. Ukuta wa mbele usiposogea damu huzubaa pale na kuganda, na donge likichomoka linaweza kwenda kwenye ubongo na kumpoozesha. Likionekana atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa. Kisha eko nyingine ifanyike baada ya miezi mitatu ya dozi kamili. Hiyo ndiyo itakayotuambia msuli umeamka kiasi gani, na kama EF bado iko 35% au chini, ndiyo wakati wa kuuliza kuhusu kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa chini ya ngozi. Kifaa hicho hakiamuliwi ndani ya siku 40 za kwanza baada ya shambulio, kwa sababu hiyohiyo ya butwaa.

Nyumbani kuna kitu watu wa kwetu hawakifikirii. Mlenda. Mlenda wenyewe hauna shida, shida ni magadi. Magadi ni sodiamu kama chumvi, na mgonjwa anayeambiwa "punguza chumvi" anaacha chumvi ya mezani huku magadi yakiendelea chunguni. Mpikieni wake bila magadi. Bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani, lile la lita 16, asilibebe kwa sasa, wala asichimbe. Kutembea atembee, tambarare, kila siku aongeze kidogo, asimame akihema mpaka anashindwa kumaliza sentensi. Kama anaonja mvinyo wa nyumbani, aache; pombe ni sumu ya msuli huu.

Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, ni maji, arudi kliniki. Akishindwa kulala bila kuinua mito, akizimia, au kifua kikibana zaidi ya dakika 15, msipite kwenye duka la dawa wala msisubiri asubuhi. Nendeni hospitali ya rufaa moja kwa moja na mseme mlangoni: "Huyu alishapata shambulio la moyo." Siku mbili za dawa za vidonda vya tumbo zimeshamgharimu msuli wa kutosha.

Wasomaji wengine wataniuliza kama haya ni ya shambulio la moyo tu. Hapana. Mama aliyejifungua anaweza kupata moyo dhaifu kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, na wengi wao hupona akitibiwa mapema. Mapigo yanayokimbia kwa wiki nyingi huchosha msuli, yakitulizwa nao hutulia. Kila moja ya hali hizi inastahili jibu lake, nitaziandikia.

Lipo la mwisho, baba mwambie mwenyewe kwa maneno yako. Akipata nafuu atatamani kuacha dawa. Mwaka 2019 Waingereza walichapisha utafiti wa watu 51 ambao mioyo yao ilitanuka kwa sababu nyingine, ikapona kabisa, EF nzuri, hawana dalili. Waliposimamishiwa dawa taratibu chini ya uangalizi, ndani ya miezi sita karibu wanne kati ya kila kumi moyo ulianza kudhoofika tena. Ikiwa waliopona bila kovu walirudi nyuma hivyo, baba mwenye mishipa mitatu iliyobana asijaribu.

Ukienda kliniki beba dawa zote kwenye mfuko, hata zilizokwisha, na daftari la uzito na mapigo. Eko mpya ikitoka nitumie mambo manne: EF, unene wa ukuta wa mbele, upana wa chumba cha kushoto, na kama donge lipo au halipo. Safari hii piga picha karatasi ikiwa imenyooshwa.